Implanti ya jino: leza au kisu, ipi ina nafuu?

gego_la_chini: Wakuu habari za jioni, nina pengo la gego tangu mwaka juzi sasa nataka kuweka implanti (ile skrubu ya titani inayopandwa mfupani ibebe jino bandia), dokta kanambia kuna kisu cha kawaida au niongeze laki mbili nifanyiwe kwa leza, eti haina maumivu. Mimi sindano tu naikimbia. Ni kweli au napigwa?

mama_wawili: Mdogo wangu mie nilipasuliwa kwa kisu, ganzi ikishakolea husikii kitu, ni ule mtetemo wa drili tu mpaka sikioni. Kasheshe baadae!! Siku ya pili na ya tatu shavu limevimba kama nimeficha andazi, nyuzi zinakwaruza ulimi, uji na ibuprofen ndo maisha. Ya nne nikawa mzima.

Mzee_Kipara: Leza sikuvimba kivile wala sikushonwa, ila kuna harufu ya nyama inaungua, hiyo hawakwambii.

fundi_meno: Niko kwenye fani hii, tusichanganye mambo. Leza inachukua nafasi ya kisu kwenye ufizi basi, shimo la mfupani kwa kawaida linatobolewa na drili ileile na sindano ya ganzi utachomwa vilevile. Kuna aina ya leza, hizi za diodi, hata haziwezi kukata mfupa. Kilichomvimbisha mama hapo juu zaidi ni kufunuliwa ufizi mpaka mfupa uonekane, na hilo linaweza kuepukwa hata bila leza, dokta anatoboa kaduara kadogo tu kwenye ufizi anapita hapo, ila upige siti skani (picha ya mfupa) kwanza maana dokta anakuwa haoni mfupa, na ukiwa mwembamba anaweza akatokezea pembeni.

gego_la_chini: Kwa hiyo laki mbili zangu dokta?

fundi_meno: Uliza ni za awamu gani mkuu, ya kwanza ya kupanda skrubu mfupani au ya pili ya kuifungulia ufizi iwekwe jino. Mimi leza naipa heshima yake awamu ya pili, miezi mitatu mpaka sita baadae titani ikishashikana na mfupa, ufizi unafunguliwa kidogo tu, damu ni kidogo sana, mara nyingi hakuna kushona na ganzi ni kidogo tu. Ila kama ule ufizi mgumu unaozunguka jino umebaki upana mdogo, chini ya milimita 2 hivi, bora kisu, kwa sababu leza inauchoma unapotea wakati kisu kinausogeza pembeni unabaki. Na joto nalo, mfupa ukifika nyuzi joto 47 kwa dakika nzima unaumia, ndo maana hata drili inamwagiwa maji muda wote.

Mzee_Kipara: Mimi yangu ilikuwa hiyo awamu ya pili kumbe. Ya kwanza nilikula kisu kama kawaida.

gego_la_chini: Nimemtumia dokta wangu meseji sasa hivi, kumbe hizo laki mbili anazitaka za awamu ya kwanza 😂 nitamwambia asubiri. Ila sindano ndo haikwepeki? Mama wewe ulifanyaje?

mama_wawili: Nilifumba macho nikamshika nesi mkono mpaka akaniomba nimwachie.