Tupeane uzoefu: kuriseti ruta ya nyumbani na kuwabaini wanaotumia Wi-Fi bila ruhusa

Wadau, salamu. Naomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja wetu amepitia alipohisi kwamba kuna mtu asiyemfahamu ndani ya Wi-Fi ya nyumbani kwake, nami nianze na yetu. Tunaishi nyumba ya kupanga Tabata, familia kadhaa ndani ya uzio mmoja, na kila ilipofika saa mbili usiku intaneti ilizorota hadi mtoto akashindwa kufungua somo la video. Niliandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari (ruta nyingine hutumia 192.168.0.1 au 192.168.8.1, tazameni kibandiko kilicho chini yake), nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, nikakuta simu ambazo hakuna mtu wa nyumbani aliyezitambua.

Fundi alikuja akabonyeza kile kitufe kilichojificha kwenye tundu, kwa pini, hadi taa zikazimika na kuwaka upya. Kesho yake simu zile zile zilikuwa zimerudi. Kuriseti huirejesha ruta kwenye nywila ya kiwandani iliyochapwa kwenye kibandiko, na kibandiko chetu kilikwishapigwa picha na wageni wengi. Simu hizo zilitoweka kwenye orodha tulipoweka nywila mpya, ndefu, siku hiyo hiyo. Kwa hiyo naomba anayesimulia atueleze hasa alichofanya baada ya kuriseti.

Mkazi wa Likoni:
Ahsante kwa kufungua mjadala huu. Kwetu orodha ilionyesha vifaa vingi visivyo na majina, lakini kabla ya kumtuhumu jirani tulizima vyetu kimoja kimoja huku tukiangalia kipi kinatoweka. Kimoja kilikuwa televisheni, na viwili vilikuwa simu zetu wenyewe, kwa sababu simu za Android kuanzia toleo la 10 na za iPhone kuanzia iOS 14 hujitambulisha kwa ruta kwa anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani. Kilichobaki baada ya kuzima vyote ndicho kilichokuwa cha mtu mwingine. Ujirani ni jambo zito, na sioni sababu ya kuuvunja kwa orodha isiyohakikiwa.

Fundi wa mitandao, Mwanza:
Ndugu zangu, kabla hamjagusa tundu lile, andikeni pembeni jina la mtumiaji na nywila mlizopewa na mtoa huduma wa faiba, au APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) kama ruta inatumia laini ya simu, kwani kuriseti hufuta kila kitu na nimewakuta wateja wamekaa bila intaneti kwa sababu hiyo tu. Kuzima na kuwasha ni jambo jingine kabisa: halifuti mipangilio. Mwaka 2018 kirusi cha VPNFilter kilipoingia katika ruta zaidi ya 500,000 duniani, sehemu yake ya kwanza ilibaki hata baada ya kuzima na kuwasha, na kuriseti ndiko kulikokiondoa.

Nikishamaliza kuriseti, hubadilisha nywila mbili, ya Wi-Fi na ya kuingilia kwenye mipangilio, kisha huzima WPS (njia ya kuunganisha kifaa na Wi-Fi kwa kitufe au namba fupi ya siri, bila kuandika nywila). Mwaka 2011 mtafiti wa usalama Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba ya siri ya WPS yenye tarakimu 8 hukaguliwa nusu kwa nusu, hivyo anayebahatisha hahitaji kujaribu zaidi ya mara 11,000. Ikiwa WPS imeachwa wazi, nywila ndefu haikulindi.

Mama wa wawili, Kisumu:
Mimi nimewafungulia wageni mtandao wao, ambao ruta nyingi huwa nao. Simu za siku hizi huonyesha nywila kwa msimbo wa QR, na mgeni mmoja anaweza kuwagawia wenzake bila mwenye nyumba kujua. Nywila ya wageni naibadilisha kila wanapoondoka, na simu za watoto haziguswi.

Mkazi wa Tabata:
Ahsante, mama. Fundi, je, aliye kwenye mtandao wa wageni anaweza kuifikia kompyuta yangu?

Fundi wa mitandao, Mwanza:
Kwa kawaida hapana, ila hakikisha kwenye mipangilio kwamba ruhusa ya wageni kufikia vifaa vya ndani imezimwa.