Mtoto wa dada anataka kwenda Lamu mfungo sita: nimjibu nini?

Mama Mdogo, Leicester

Assalaam alaykum jamaa zangu wa Amu (Lamu) na Malindi mlio nje,

Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu, na nimelileta hapa kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia. Mtoto wa dada yangu naishi naye huku tangu alipokuja kusoma. Siku moja tuko jikoni tunachoma mahamri, akazima jiko, akaniambia, "Mamdogo, mimi sitaoa. Wanawake siwatamani, na sikuwahi kuwatamani." Nilikaa kitako. Nikamuuliza kama ni huku Ulaya alikofunzwa. Akasema alijijua tangu yuko chuoni Malindi, anasoma juzuu, na usiku akiomba dua limuondoke.

Sitawaficha, nililia. Mimi ni Mwislamu, najua yaliyosimuliwa juu ya kaumu Lut, watu wa Nabii Lut, na sikuja hapa kutafuta wa kunibadilishia dini yangu. Lakini nilipofanyiwa upasuaji kijana huyu ndiye aliyeniosha miguu, akanipikia uji, akaniamsha kwa swala. Leo nimuone mtu mwingine kwa neno moja?

Kazini kwangu, nyumba ya kutunzia wazee, kuna mzee aliyeishi na mwanamume mwenzake miaka mingi mpaka mwenzake akafa. Namlisha kila siku. Aliniambia kuwa ujanani mwake, kabla ya 1967, wangefungwa jela hapahapa Uingereza. Nilistaajabu, maana nilidhani Waingereza walikuwa hivi tangu zamani.

Sasa kijana anataka kwenda nyumbani. Mama'ke yuko Malindi, na ameshamtafutia mchumba. Mwenyewe anatamani Maulidi ya Lamu, mfungo sita, kama alipokuwa mdogo. Naomba mnisaidie: sheria ya Kenya ikoje hasa? Akipitia Dubai je? Na dada yangu, nimwambie au ninyamaze?

Ndugu yenu, Jeddah

Wa alaykum salaam. Dada, pole, lakini usimfunike. Mkatie nauli arudi, aozwe, ndoa itamtuliza. Mambo haya kwetu hayakuwepo. Yameletwa na watalii wa Malindi na pesa zao. Nasema kwa uchungu kwa sababu nina watoto wa kiume.

Binti wa Malindi, Rotterdam

Ndugu yangu wa Jeddah, uchungu wako nauheshimu, ila kuna mahali siwezi kukuitikia.

Unasema hayakuwepo. Neno hanithi liko katika Kiswahili tangu lini? Limetoka Kiarabu, limekaa midomoni mwa mabibi zetu kabla hoteli ya kwanza haijajengwa ufukweni. Mtaani kwetu palikuwa na mwanamume aliyepamba maharusi, akiingia ndani kwa wanawake na hina yake, na hakuna mume aliyeghadhibika. Nilikuwa mtoto, nikidhani ni kazi kama kazi nyingine.

La watalii nalielewa, na hapo ndipo panaponiuma mimi mzaliwa wa Malindi. Wageni wameharibu watoto wetu, wasichana na wavulana, na wazazi wengine walinyamaza kwa sababu nyumba iliezekwa kwa pesa hizo. Hasira hiyo ni ya haki. Lakini mtu mzima anayeharibu mtoto ni mhalifu, akiwa ametaka wa kike au wa kiume. Kijana wa Leicester hakumgusa mtoto wa mtu. Tukichanganya mawili haya, yule mhalifu wa kweli anapita katikati yetu salama huku sisi tunawinda asiye na kosa hilo.

Na huyo binti anayechumbiwa, yeye amekosa nini? Utamuoza kwa mtu asiyemtaka, alale chumba kimoja naye miaka thelathini akijiuliza ana kasoro gani?

Sasa sheria, dada yangu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ni ya mkoloni, ya 1930. Kifungu cha 162 kinasema kujamiiana "kinyume cha maumbile", adhabu yake hadi miaka 14. Kifungu cha 165 ni cha vitendo baina ya wanaume, hadi miaka 5. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu Nairobi iliombwa ivifute ikakataa. Watu wengi wanachanganya na hukumu ya Mahakama ya Juu ya 24 Februari 2023: ile haikuhalalisha kitendo. Majaji watatu kwa wawili walisema tu kwamba serikali haiwezi kukataa kusajili chama cha kutetea watu hawa. Baada ya hapo misikiti na makanisa yalichemka, na mpaka leo utasikia mtu akisema mahakama imeruhusu ndoa. Haikuruhusu.

Jambo jingine ajue: sheria inaadhibu kitendo, haiadhibu mtu kuwa alivyo. Na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani iliyokaa Mombasa ilikataza kumpima mtu mwilini kwa nguvu kutafuta ushahidi. Kesi yenyewe ilitoka kulekule pwani kwetu, wanaume wawili waliokamatwa Ukunda 2015.

Lakini askari si wa kuogopwa kwanza. Februari 2010, Mtwapa, ulienea uvumi kwamba wanaume wawili wanaoana. Uvumi tu. Viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo, walisimama pamoja kulaani, na umati ukaenda kuzingira kituo cha afya na kukamata vijana. Kwa hiyo kinachomfikia mtu haraka ni maneno, na siku hizi maneno yana picha. Kuna pia wanaojifanya marafiki kwenye simu, ukikutana nao wanakupiga picha na kudai pesa. Mwambie akiwa nyumbani asikutane na mtu yeyote aliyemjulia kwenye mtandao. Na simu yake aisafishe kabla ya kupanda ndege.

Dubai: Emirati nako ni kosa la jinai. Abiria wa kupita njia kwa kawaida haulizwi kitu, lakini ndege ya moja kwa moja London mpaka Nairobi ipo, na mimi ningeilipia hiyo ili nilale usingizi.

Nimalize kwa la kazini kwangu, maana ndilo lililonifanya niandike yote haya. Mimi ni mkalimani. Huku wanaoomba hifadhi kwa sababu hii wana kinga: Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 7 Novemba 2013 kwamba mtu haambiwi arudi kwao akajifiche, na tarehe 2 Desemba 2014 ikakataza kumuuliza mambo ya chumbani au kumtaka alete picha za mambo hayo. Sitasema wapi wala lini, ila nilipewa faili la kijana wa pwani aliyeulizwa mara ya kwanza kupitia mkalimani mwingine. Mkalimani yule alitafsiri swali kwa neno *msenge*. Kijana akajibu hapana. Na nani angejibu ndiyo? Hilo ni tusi, ni neno analotupiwa mtu kabla ya jiwe. Ikaandikwa kwamba amekana. Nilipoketi naye nilimuuliza kwa upole, "Moyo wako humpenda mwanamume au mwanamke?" Alitazama sakafu muda mrefu, kisha akalia, kisha akasema.

Sisi hatuna neno la kumwita mtu huyu bila kumpiga. Hata *shoga*, ambalo mama yangu na rafiki zake waliitana wakipeana sahani za viazi karai, limegeuzwa, na binti zetu leo wanaona haya kulitamka. Kwa hiyo nikikuomba kitu, dada, ni hiki: unapozungumza naye, mwite jina lake.

Mzee wa Langoni, Muscat

Mwanangu wa Leicester, nimesoma yote. Mimi tendo silikubali, na sitalikubali mpaka naingia kaburini. Hapa Oman pia sheria ya 2018 imeweka kifungo, miezi 6 hadi miaka 3. Huo ndio msimamo wangu, nimeuweka wazi.

Ila dini ileile iliyotufunza haramu imetufunza stara. Suratul Hujurat aya ya 12 imekataza dhana mbaya, imekataza kupelelezana, imekataza kusengenyana. Watu wanaisoma ya Lut, hii wanairuka. Na anayemtuhumu mwenzake zinaa bila mashahidi wanne, yeye ndiye wa kuchapwa.

Langoni kwetu alikuwapo fundi wa kofia za kutoboa. Kofia yake ilikuwa ikivaliwa na bwana harusi na shehe. Hakuoa. Palikuwa na rafiki yake, baharia, akija pepo za kaskazi zikimleta, akikaa kwake. Mji wote ulijua, na mji wote ulinyamaza. Alipokufa jeneza lake lilibebwa na mtaa mzima, nami bega langu lilikuwapo. Hakuna aliyeuliza kama astahili.

Si kwamba tulikuwa wema sana. Wavulana walimwita majina akipita, na mimi nilikuwa mmoja wao, Mwenyezi Mungu anisamehe. Lakini mlango wake haukuvunjwa. Kilichobadilika ni kwamba leo kila mtu ana kipaza sauti mkononi.

Dada yako usimwambie kwa simu. Si yako kuisema, ni ya kijana mwenyewe, siku akitaka. Wewe mzuie hiyo posa tu.

Muuguzi wa Kakuyuni, Ujerumani

Hamjambo nyote. Mimi ni Mgiriama, Mkatoliki, kwa hiyo nasema ya upande wangu.

Kwetu bara ya Malindi jambo hili halisemwi kwa dini kwanza, linasemwa kwa ukoo: nani atatajwa jina kwa watoto wako, nani atakumwagia tambiko? Mama yangu hilo ndilo lingemwumiza. Kanisani nako tumegawanyika. Desemba 2023 Roma iliruhusu padri kuwabariki watu wawili wa namna hii, bila kuifanya ndoa, na Januari 2024 maaskofu wa Afrika wakasema barani kwetu haitafanyika. Parokia ninayosali huku hilo si habari tena. Ujerumani wenyewe walifuta kifungu chao cha 175, kilichoadhibu mambo haya baina ya wanaume, mwaka 1994 tu, na ndoa wakaruhusu 2017.

Nionye jambo moja. Kwa niliyoyaona, Wajerumani hawajali nani anaishi na nani. Aliyempigia simu mama wa rafiki yangu kule Malindi, akamweleza kila kitu, alikuwa Mkenya mwenzetu wa kikundi chetu cha sala. Mama yule alilazwa kwa presha. Rafiki yangu hajaenda kwao tangu siku hiyo. Kwa hiyo dada, angalia sana nani anakuja kula mahamri kwako.

Mama Mdogo, Leicester

Nashika miguu Babu wa Muscat. Dada zangu, Mungu awalipe. Ndugu wa Jeddah, nawe nimekusikia, na najua umesema kwa kuogopea wanao.

Nilimpigia dada jana. Sikumwambia kitu, nilisema tu kijana hayuko tayari na posa isimame, binti wa watu asifungiwe njia. Dada alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza, "Ana afya?" Nikasema anayo. "Anaswali?" Nikasema anaswali. "Anakula?" Nikasema anakula kuliko mimi. Akanyamaza tena.

Halafu akasema, "Basi asije na Maulidi. Lamu watu huwa wengi, na binamu zake wote watakuwapo na masimu yao. Mwambie aje kabla, mji ukiwa umetulia, ashukie hapa kwangu Malindi. Amu tutamvusha mwaka mwingine." Na posa ile akasema ataizungumza mwenyewe na wenye binti, nisijishughulishe.

Nilipomweleza kijana aliinama, akaniomba nirudie ile ya "anakula?" Nimeirudia mara tatu.

Tumekata tiketi ya London kwenda Nairobi moja kwa moja, kisha ndege ndogo mpaka Malindi. Dada ameagiza dawa ya kuchua magoti na taa ya kuchaji. Mwenye kujua kama taa yenye betri kubwa inakubaliwa kwenye sanduku au lazima ibebwe mkononi, tafadhali aniandikie kabla ya Ijumaa.