Vunjajungu: mdudu, karamu, na lile povu kavu kwenye mpera

Mpera_wa_Uani:
Wakuu, maswali mawili. Vunjajungu yule mdudu wa kijani anayekunja mikono kama yuko kwenye dua, na vunjajungu la kula kabla ya Ramadhani, ni neno moja au yamegongana tu? Pili, kwenye tawi la mpera kuna kitu kama povu lililokauka, rangi ya mchanga, ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Nikate nichome?

Mzizi_wa_Neno:
Yameundwa kwa namna moja, vunja + jungu, ila kila moja lina habari yake. Mzizi ni -ungu. Weka ch- upate chungu, ny- upate nyungu (hiyo hiyo ya kujifukiza), j- upate jungu, yaani chungu kikubwa, lile la "jungu kuu halikosi ukoko". Wingi wake ni majungu, ambayo siku hizi hupikwa bila moto!

Mdudu amepewa jina kwa imani ya watu wa pwani: ukimgusa, chombo utakachoshika baadaye kitakuponyoka kivunjike. Wengine humwita kivunjajungu. Karamu nayo ni ule mlo wa kujishibisha siku za mwisho za Shaaban. Katika sentensi hawachanganyiki. Mdudu ni kiumbe: vunjajungu ametua, vunjajungu wametua. Karamu watu huirudisha kwenye kitenzi: "tunavunja jungu Ijumaa".

Fundi_Bustani:
Usichome, mkuu. Hicho ni kifuko cha mayai ya huyo huyo vunjajungu. Jike hutoa povu mkiani, hupanga mayai ndani yake, nalo hukauka likawa gumu. Humo mna makumi ya mayai, aina nyingine hupita mia.

Kitazame kwa karibu. Watoto hutokea kwenye mstari wa katikati, wengi kwa mpigo, wakining'inia kwa nyuzi nyembamba. Ukiona vitundu vya duara ubavuni, kama vya sindano, hapo wametoka nyigu wadogo waliokula mayai.

Kama lazima upogoe, kata tawi ukiacha sentimita 10 kila upande wa kifuko, ulifunge kwenye tawi jingine, kifuko kikielekea kilikokuwa kikielekea. Kiwe nusu mita au zaidi kutoka chini, mbali na njia ya sisimizi. Usikitie kwenye chupa ukakisahau: watoto wakianguliwa humo watakulana. Na dawa ya wadudu weka kando mpaka watawanyike.

Mpera_wa_Uani:
Vitundu viwili ubavuni, mstari wa katikati haujafunguka. Ndiyo basi?

Fundi_Bustani:
Bado. Viwili ni nyigu wachache tu, mayai mengine yanaweza kuwa salama. Kingekuwa kimetobolewa kila mahali kama chekeche, hapo sawa.

Kisima_cha_Uani:
Nyongeza: msimtegemee amalize wadudu waharibifu. Hachagui, anakamata nyuki na vipepeo vilevile. Na anayemwita panzi amtazame mikono, ina miiba ya kubania windo, na kichwa cha pembetatu kinachogeuka kukutazama. Lile doa jeusi jichoni linalokufuata kila ukisogea si mboni. Jicho lake limeundwa na vijicho vidogo vingi, na doa hilo ni vile vinavyokuelekea moja kwa moja: havirudishi mwanga, ndiyo maana vinaonekana vyeusi.