Naomba ushauri: mshauri nasaha anatudai vikao ambavyo havikufanyika

Habari zenu. Dada yangu alikuwa akienda kwa mshauri nasaha mmoja hapa Nairobi, na kila kikao tulilipa kwa M-Pesa. Mwezi uliopita huyo mama akasafiri, akaahirisha mwenyewe kwa WhatsApp: "Tutaonana nikirudi." Sasa ametuma bili ya 18,000, eti nafasi yetu "ilihifadhiwa". Ilihifadhiwa vipi naye yuko Mombasa? Tena anatishia kumpigia mwajiri wa dada. Siri za mtu ndizo anataka kuzifanya fimbo!

Najua kuna Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia chini ya sheria ya 2014, pia Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Aliyewahi kupeleka malalamiko huko anielekeze. Nimjibu kwa maandishi, au ninyamaze kwanza?