Chipukizi wa NBA (ligi ya kikapu ya Marekani): nitajuaje kama huyu atakuwa nyota kweli?

Mleta mada: Wakuu, naomba ushauri. Kila msimu naandika daftarini majina ya chipukizi ninaoamini watakuwa nyota, na nakosea sana. Mwaka 2014 niliapa kwa Michael Carter-Williams: pointi 16.7 kwa mechi, asisti (pasi za kufungisha) na ribaundi (mipira iliyokosa kikapu aliyoidaka) zaidi ya sita kila moja, tuzo ya chipukizi bora. Msimu huohuo Giannis Antetokounmpo alikuwa na pointi 6.8, hata sikumwandika, na ndiye aliyekuja kuwa nyota. Nyinyi mnaangalia nini?

Mzee wa Benchi: Anza na umri, mkuu. Carter-Williams alikuwa na miaka 22, Giannis aliingia na 18. Mmoja ameshakomaa, mwingine bado anarefuka! Halafu uliza pointi zimepatikana wapi. Philadelphia ile, timu ya Carter-Williams, ilipoteza mechi 63 kati ya 82, 26 kati ya hizo mfululizo. Timu mbovu humwachia kijana mpira mechi nzima, na takwimu zake lazima zivimbe.

Ribaundi: Umri sawa, ila mimi hutangulia kwenye mitupo huru. Pale hakuna wa kumkaba, ni mkono wake tu. Akifunga 80 kati ya 100, hata kama pointi tatu bado zinamkataa, nampa muda. Kisha mtazame asipokuwa na mpira: anajua pa kusimama? Anarudi kukaba bila kuitwa? Hapo ndipo nawakata wengi.

Mleta mada: Na Nikola Jokić wa Denver je? Timu zilipochagua chipukizi mwaka 2014 alichaguliwa wa 41, haruki, hana mbio. Mngemwona?

Ribaundi: Kwa miguu, hapana. Kwa pasi, ndiyo. Mtu mrefu kiasi kile anayeachia mpira kabla mwenzake hajafika anapokwenda ni adimu mno. Mtupo hurekebishika mazoezini. Jicho la namna ile sijaona likifundishwa kwa mtu mzima. Tuzo tatu za MVP (mchezaji bora wa msimu) zimetoka humo.

Dakika ya Mwisho: Mimi namlinganisha kijana na yeye mwenyewe. Shai Gilgeous-Alexander alianza na pointi 10.8 kwa mechi, akaenda 19, kisha 23.7, na mwaka 2025 akawa MVP. Kwa hiyo usifunge daftari msimu wa kwanza, ndugu yangu. Acha nafasi tupu mbele ya kila jina, urudi kujaza msimu wa tatu.

Mleta mada: Asanteni sana. Usiku huu narudia mechi za chipukizi wangu wawili, macho yote kwenye ukabaji. Nitaleta mrejesho.