Kisima cha kisiwani kimeanza kuwa na chumvi, tuchimbe zaidi?

Jamani habari zenu, kisima chetu kiko kama mita 200 toka baharini, zamani maji matamu kabisa, siku hizi kiangazi kikikolea unasikia chumvi mdomoni na sabuni haitoi povu. Fundi anasema tuongeze kina. Itasaidia kweli?

— Usichimbe ndugu yangu! Maji matamu ya kisiwani yanaelea juu ya maji ya bahari sababu ni mepesi, kwa makadirio kila mita 1 ya maji hayo iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo, sasa mkivuta mpaka yakashuka nusu mita tu huku juu, kule chini chumvi inaweza kupanda hata mita 20. Ukiongeza kina unaifuata chumvi yenyewe.

— Naunga mkono. Sisi tulikuwa tunawasha pampu masaa mengi mfululizo, tukaanza kuvuta kidogokidogo asubuhi na jioni, masika yalipopita ladha ikarudi.

— Wekeni na tangi la mvua, bahari inapanda hii. Bati la mita za mraba 50 likipigwa na mvua ya milimita 20 ni lita 1,000, toa kidogo yanayopotea. Maji ya mwanzo mwaga, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege, na mdomo wa tangi fungeni wavu mbu wasizaliane.

— Asanteni sana. Na tukiyachemsha je?

— Chumvi haitoki kwa kuchemsha, inazidi.