Mada: Waingereza wakisema "a bit poorly"

Neema, Reading

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine. Nimeanza kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Uingereza. Mtihani wa Kiingereza nilifaulu vizuri tu, lakini kwenye makabidhiano ya shifti naachwa nyuma. Leo asubuhi dada wa usiku ananiambia bibi mmoja "had a funny turn", lifti iko "on the blink", na ratiba ya wikiendi "has gone pear-shaped". Kuna nini cha kuchekesha kwa bibi? Na peasi imeingiaje kwenye ratiba? Nisaidieni.

Mama Nasra, Leicester

Marahaba Neema, mwanangu. Tuanze na bibi, lifti itasubiri.

"Funny turn" haina kicheko. Ni mtu kupatwa na kitu ghafla: kizunguzungu, kuzirai, kupotewa na maneno, kisha akarudi sawa. Kwa mzee yaweza kuwa sukari imeshuka, au presha imeanguka aliposimama, au kile kiharusi cha kupita wanachokiita TIA, ambacho chaweza kutangulia kikubwa. Kwa hiyo usiitikie tu. Uliza ilikuwa saa ngapi, ilidumu muda gani, alikuwa amekaa au amesimama, uso ulipinda, mkono ulilegea, amepimwa nini, nani kaambiwa. Majibu hayo ndiyo unayoyaandika kwenye faili lake. Usiandike "funny turn", maana atakayesoma kesho naye atabaki kukisia. Na ukiona uso umepinda, mkono haunyanyuki au maneno hayaeleweki, piga 999, simu ya dharura, hata kama dalili zimeshapotea.

Ila neno ninalotaka ulishike zaidi ni "poorly". Jirani akisema mtoto wake ni "a bit poorly", mtoto ana mafua. Daktari wa wodini akikuvuta pembeni akasema "he's very poorly", anakwambia mgonjwa ni mahututi na huenda asitoke. Nimeona watu wetu wakilisikia hilo kisha wanarudi kazini kumalizia shifti. "Touch and go" ni hivyo hivyo, lolote laweza kutokea. "Not out of the woods yet" maana yake nafuu ipo ila hatari haijapita. "Under the weather" ni uchovu na mafua, mnywesheni chai.

Wala tusiwacheke. Ni simu ngapi za nyumbani zimesema "mgonjwa hali yake si nzuri, jitahidi uje", na hapo hapo ukajua msiba umeshatokea? Yetu tunaisikia kwenye sauti kwa sababu tumekua nayo. Ya hawa inabidi tujifunze ukubwani, na kanuni yao ni kwamba jambo likizidi uzito, neno linazidi wepesi. Juni 1982 ndege ya British Airways iliingia usiku kwenye majivu ya volkano ya Galunggung, kule Java, injini zote nne zikazima. Rubani, Eric Moody, akawatangazia abiria kwamba kuna "a small problem", injini zote nne zimesimama! Baadaye ziliwaka tena, wakatua Jakarta salama.

Hayo mengine ni madogo. "On the blink" na "playing up" ni kitu kinachofanya kazi kwa kugomagoma. "Packed up" au "conked out" kimekufa kabisa. "Pear-shaped" ni mambo kwenda mrama, na asili ya peasi haitakuongezea mshahara. Uliza nani hatakuja Jumamosi na nani anashika nafasi yake.

Kombo, Manchester

Naongezea kwa wapangaji. Usimwandikie mwenye nyumba kwamba boila "is playing up". Umempa ruhusa ya kukaa wiki mbili bila kutengeneza. Andika kwamba hakuna joto wala maji ya moto tangu tarehe fulani, kuna mtoto mchanga ndani, na mshale wa presha ya boila uko chini ya bar 1. Tuma kwa imeili, na picha. Kwa hapa England, Landlord and Tenant Act ya 1985, kifungu cha 11, inamtwika yeye matengenezo ya mitambo ya joto na maji ya moto kwenye upangaji wetu huu wa kawaida.

Na fundi akitazama soketi akasema "looks a bit dodgy", yaani si ya kuaminika, usiiguse tena.

Baba Imani, Minneapolis

Huku Marekani boila mara nyingi inakuwa "on the fritz". Mipango ikiharibika imekwenda "south", mashine ikichachamaa imekwenda "haywire". Hiyo haywire ni waya wa kufungia majani ya mifugo, watu walikuwa wanaungia kila kilichovunjika, na matokeo mnayajua. Vijana, tahadhari na "snafu", yaani mvurugano. Imetoka jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, ni kifupisho, na herufi moja humo ndani inasimamia tusi. Bosi akiitumia, mwache aitumie mwenyewe.

Mama Nasra, Leicester

Hata hapa "cock-up" mtaisikia ofisini kila siku. Mbele ya familia ya mgonjwa, sema "mistake".

Neema, Reading

Ahsanteni sana. Nimempigia dada wa usiku: bibi alikuwa anatoka kitandani alfajiri, kama dakika mbili, presha haikupimwa. Meneja ameshajua, daktari anakuja mchana. Sasa wananiambia ile mashine ya kumnyanyulia mgonjwa kitandani ni "a bit temperamental". Hiyo nayo?

Mama Nasra, Leicester

Maana yake inagoma inapojisikia. Usimnyanyue mtu nayo! Hizo kisheria hukaguliwa kila miezi 6, tazama tarehe kwenye stika. Itoe chumbani, bandika karatasi kwamba haitumiki, andika kwenye kitabu, umwambie meneja leo hii. Jioni utuambie amesemaje.